Programu Inapokataliwa Faili: Jinsi Ninavyochunguza

Kazi yangu ni programu za madukani: mauzo, stoo, ripoti ya jioni, risiti. Wateja wengi wako Kariakoo, huku Mtaa wa Kongo na Msimbazi, wengine Sinza na Mbagala, na karibu wote wananiita dada wa kompyuta. Lalamiko linakuja kwa sentensi ileile, "programu haifanyi kazi." Ukikaa mbele ya mashine unakuta programu ni nzima na hesabu zinakwenda sawa, ila kuna mahali inataka kusoma faili, kuandika faili au kuongea na printa, na hapo inakataliwa.

Vijana wengi wanaoanza kazi hii wanakwama papo hapo. Wamejifunza kuandika programu vizuri tu, lakini hakuna aliyewaambia kwamba programu haifungui faili yenyewe. Inaomba. Anayefungua ni mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, na ukikataa unarudisha namba inayosema kwa nini umekataa. Kwa hiyo mimi siku zote nataka mambo matatu kabla sijagusa kitu: namba ya kosa ni ipi, programu imesimama folda gani, na inaendeshwa kwa jina la nani. Ruhusa naziangalia baada ya hapo. Anayeanza na ruhusa mara nyingi anaishia kufungua kila mlango wa mashine na tatizo bado liko palepale.

Usiizibe midomo programu

Hiki kipande nimekikuta kwenye programu za watu wengi mno, kila mtu na lugha yake:

```python
try:
    f = open("mauzo.csv", "a")
except:
    print("Kosa limetokea")
```

Mwenye duka ataona "Kosa limetokea", atakupigia simu, nawe utamuuliza kosa gani, naye atajibu "limetokea." Mfumo ulikuwa umesema kila kitu: namba, sababu, na jina la faili. Aliyetupa taarifa hizo ni aliyeandika hiyo `except` tupu. Kwenye PHP mwenzake ni ile alama ya `@` mbele ya `file_put_contents`. Kwenye Node ni kupokea `err` kisha kutokuitazama, wakati `err.code` ina jibu ndani yake.

Badilisha iwe hivi:

```python
import logging

try:
    f = open(njia, "a", encoding="utf-8")
except OSError as e:
    logging.error("%s | namba %s | faili %r", e.strerror, e.errno, e.filename)
    raise
```

Hiyo `%r` nimeiweka makusudi. Inaonyesha jina la faili pamoja na vitu visivyoonekana kwa macho. Kuna duka la vipodozi ambako njia ya faili ilisomwa kutoka faili la mipangilio, mstari mmoja mmoja, bila kuondoa mwisho wa mstari. Kwenye skrini jina lilionekana safi kabisa. `%r` ikatoa `'C:\\Duka\\mauzo.csv\n'`. Windows haikubali mstari mpya ndani ya jina la faili, kwa hiyo ikarudisha namba 22. `strip()` moja ikamaliza kazi.

Namba utakazokutana nazo mara kwa mara si nyingi. Namba 2, ENOENT, maana yake hakuna kitu chenye jina hilo mahali hapo. 13, EACCES, umekataliwa. 1, EPERM, tendo lenyewe si la mtumiaji wa ngazi yako. 24, EMFILE, programu imefungua faili nyingi bila kuzifunga. 28, ENOSPC, diski imejaa. 30, EROFS, diski imewekwa ya kusoma tu. Hii naiona kwenye flashi na memori kadi zilizoanza kuchoka. Kwa upande wa Windows kuna WinError 3, folda katikati ya njia haipo, 5, umekataliwa, na 32, faili imeshikwa na programu nyingine.

Ila jihadhari na 13 ukiwa Windows na Python. `open()` inaweza kurudisha 13 kwa sababu huna ruhusa, kwa sababu jina ulilotoa ni la folda badala ya faili, kwa sababu faili imewekewa alama ya kusoma tu, au kwa sababu Excel imeifungua na imeing'ang'ania. Mambo manne, namba moja. Ukiona 13 kwenye Windows, usikimbilie ruhusa. Angalia kwanza kama kuna mtu ana faili hiyo wazi kwenye kompyuta ya jirani.

Imesimama wapi?

Mama mmoja ana duka la vitenge Mtaa wa Kongo. Programu yake inatengeneza `ripoti.csv` kila jioni. Akibonyeza mwenyewe, ripoti inatoka. Nilipoiweka kwenye Task Scheduler ijiendeshe saa mbili usiku, Task Scheduler ikasema imefanikiwa, na ripoti haikuonekana.

"Dada, mbona leo tena hakuna?"

"Mama, kompyuta inasema imeandika."

"Imeandika wapi sasa?"

Swali lake lilikuwa ndilo lenyewe. Jina `ripoti.csv` peke yake halina mahali. Mfumo unalijazia folda ambayo programu imesimamia wakati huo. Ukibonyeza faili mara mbili, folda hiyo huwa ileile yenye programu. Task Scheduler, usipojaza kisanduku cha "Start in", inaanzia `C:\Windows\System32`. Na kwa kuwa kazi hiyo ilipewa mamlaka ya juu, haikukataliwa. Tulipofungua System32 tukaikuta ripoti imetulia katikati ya faili za Windows.

Kabla ya kubishana na mashine, weka mistari hii mwanzoni mwa programu, na iandike kwenye faili la kumbukumbu (log), maana usiku hakuna atakayekuwa mbele ya skrini:

```python
import os, sys, getpass, logging
from pathlib import Path

logging.basicConfig(filename=Path(__file__).resolve().parent / "kumbukumbu.log", level=logging.INFO)
logging.info("nimesimama: %s", os.getcwd())
logging.info("programu iko: %s", Path(__file__).resolve().parent)
logging.info("mimi ni: %s", getpass.getuser())
logging.info("python: %s", sys.executable)
```

Mstari wa "mimi ni" una udhaifu kwenye Linux: unaanza kuangalia vigeu vya mazingira, ambavyo vinaweza kudanganya. Huko nenda na `os.geteuid()`. Kwenye Windows ukiona jina limeishia na alama ya dola, kama `DUKA-PC$`, jua programu inaendeshwa na mfumo wenyewe na si mtu aliyekaa kwenye kiti.

Dawa ni kutotegemea mahali iliposimama. Jenga njia kamili kuanzia kitu unachokijua:

```python
BASE = Path(__file__).resolve().parent
njia = BASE / "data" / "ripoti.csv"
njia.parent.mkdir(parents=True, exist_ok=True)
```

Kwenye PHP ni `__DIR__`, kwenye Node ni `__dirname`. Cron, mpangaji ratiba wa Linux, inaanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji na inabeba PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) fupi sana, kwa hiyo hata amri unazoziita zitaje kwa njia kamili. Huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inaanzia `/` mpaka uandike `WorkingDirectory=`.

Mtego mwingine ni PyInstaller. Ukifunga programu iwe faili moja la `.exe`, ikianza inajifungua ndani ya folda ya muda yenye jina linaloanza na `_MEI`, na `__file__` inaelekea huko. Ukihifadhi mauzo hapo, folda inafutwa programu ikifungwa na mauzo yanakwenda nayo. Nimeitwa sehemu ambako kila asubuhi duka lilianza na hesabu sifuri, na muuzaji alikuwa ameshaanza kutazamwa vibaya. Ikiwa `sys.frozen` ipo, chukua folda ya `sys.executable`. Bora zaidi, weka data ndani ya `%PROGRAMDATA%` ikiwa ni ya mashine nzima, au `%LOCALAPPDATA%` ikiwa ni ya mtumiaji mmoja. `Program Files` si mahali pa kuandikia. Tena programu za zamani za biti 32 zikijaribu kuandika pale, Windows inaweza kuzihamishia kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore ya mtumiaji, halafu muuzaji wa asubuhi anaona data hii na wa jioni anaona nyingine.

Na majina yenyewe. Windows inaficha herufi za mwisho, kwa hiyo `bei.csv` uliyoihifadhi kwa Notepad inaweza kuwa `bei.csv.txt`. OneDrive ikiwashwa inaweza kuhamisha Desktop, na `C:\Users\Duka\Desktop` uliyoiandika kwa mkono ikawa haina kitu. Linux inatofautisha `Picha` na `picha`, ndiyo maana tovuti inafanya kazi kwenye laptopu yako na picha zinapotea ikifika kwenye seva. Halafu kuna hii, ambayo sisi wenye maneno yanayoanza na t na n inatukamata kila siku:

```python
open("C:\Duka\taarifa\nauli.csv")
```

Python inasoma `\t` kama tabo na `\n` kama mstari mpya. Andika `r"C:\Duka\taarifa\nauli.csv"`, au tumia mkwaju wa kawaida, `C:/Duka/taarifa/nauli.csv`. Windows inaupokea bila shida.

Inaendeshwa kwa jina la nani?

Huku nitakaa kidogo, maana ndiko `chmod 777`, amri ya Linux inayompa kila mtu ruhusa zote, inakotawala.

Chukua seva ya Ubuntu. Duka la dawa Sinza, picha za bidhaa ziko `/home/duka/app/picha`, tovuti inaendeshwa na nginx kwa jina la `www-data`. Picha hazionekani. Aliyetangulia alikuwa ameshaipa folda ya picha 777, na bado zikagoma, akahitimisha kwamba seva ina matatizo. Jifanye mtumiaji mwenyewe kwanza:

```
sudo -u www-data cat /home/duka/app/picha/panadol.jpg > /dev/null
```

Ikijibu Permission denied, umeshajua tatizo haliko kwenye PHP wala nginx. Sasa uliza kila hatua ya njia:

```
namei -l /home/duka/app/picha/panadol.jpg

drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root home
drwxr-x--- duka duka duka
drwxrwxr-x duka duka app
drwxrwxrwx duka duka picha
-rw-rw-r-- duka duka panadol.jpg
```

Tazama mstari wa tatu. Folda ya `duka` haimpi mtu wa nje chochote. Ili kufika kwenye faili unahitaji ile `x`, ruhusa ya kupita, kwenye kila folda njiani, tangu `/` hadi ya mwisho. Ni kama nyumba ya kupanga: ufunguo wa chumba unao, lakini geti la nje limefungwa na mwenye nyumba amelala. Ubuntu tangu toleo la 21.04 inatengeneza folda za nyumbani zikiwa 750, yaani mtu wa nje hapewi chochote, kwa hiyo maelekezo ya zamani yaliyokuwa yakifanya kazi sasa yanagoma. Kufungua nyumba ya mtumiaji ili nginx ipite mimi sipendi. Toa data huko:

```
sudo mkdir -p /srv/duka/picha
sudo chown duka:www-data /srv/duka/picha
sudo chmod 2775 /srv/duka/picha
```

Ile 2 ya mbele inafanya kila faili jipya lirithi kundi la folda, badala ya kundi la aliyeliandika. Bila hiyo, utakuja kurekebisha ruhusa kila Jumatatu.

777 kwenye folda ya tovuti ina maana kwamba programu yoyote kwenye seva, hata ile iliyovamiwa, inaweza kuweka faili lake la PHP hapo kisha ikaliita kutoka nje. Kuna watoa huduma wanaokuambia "weka 777 halafu jaribu" ukiwapigia simu. Kwa kujaribu dakika moja kwenye laptopu yako, sawa. Kwenye seva yenye wateja, hapana.

Jambo linalowashangaza wengi kwenye Linux: kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili, kunategemea ruhusa za folda iliyolibeba. Unaweza kukataliwa kuandika ndani ya faili na bado ukaruhusiwa kulifuta.

SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili, inafuata mkondo huohuo. Unaangalia `duka.db`, ruhusa zote zipo, na bado unapata `attempt to write a readonly database` au `unable to open database file`. SQLite ikiandika inatengeneza pembeni faili la `-journal`, au `-wal` na `-shm`, kwa hiyo inahitaji kuandika kwenye folda pia. Ipe ruhusa folda.

Na ukisikia "jana ilikuwa inafanya kazi", uliza kama kuna mtu aliiendesha kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Mara moja tu inatosha. Inaacha faili la kumbukumbu au hifadhidata ambayo mwenyewe ni root, kesho programu ikirudi kwa mtumiaji wake wa kawaida inakataliwa. `ls -l` itakuonyesha jina la root mahali lisipostahili, na `chown` inarekebisha.

Ukishamaliza haya yote, ruhusa ni safi, na bado unakataliwa, kuna tabaka la juu yake:

```
journalctl -k | grep DENIED
systemctl show duka.service -p PrivateTmp -p ProtectHome -p ProtectSystem
```

Amri ya kwanza inafichua AppArmor, ulinzi wa ziada wa Ubuntu. Ya pili inaonyesha kama systemd yenyewe imeifungia huduma yako. `ProtectHome=yes` inaifanya `/home` ionekane haina kitu. `PrivateTmp=yes` inaipa huduma `/tmp` yake peke yake: programu inasema imeandika `/tmp/ripoti.pdf`, wewe ukiangalia `/tmp` hakuna, na wote wawili mnasema kweli. Kwenye mashine za jamii ya Red Hat mshukiwa ni SELinux, na `ls -Z` ndipo pa kuanzia. Kwenye Windows angalia historia ya ulinzi ya Defender. Kuna ulinzi wa folda dhidi ya virusi vya kuteka data ambao, ukiwashwa, unazuia programu isiyojulikana kuandika kwenye Documents.

Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya kisanduku kilichojitenga kiitwacho kontena, nitaisema kwa kifupi. Ndani ya kontena hakuna `C:\Duka`, hakuna `/home/duka`. Kutoka mashine yako kuna kile tu ulichokipitisha kwa `-v`. Na umiliki unafuata namba ya mtumiaji, si jina lake. Linganisha `id -u` ya nje na ya ndani.

Kuna mwingine ameishika

Kariakoo adui namba moja ni Excel. Muuzaji amefungua `mauzo.csv` aone amefikia wapi, ameiacha wazi, ameenda kula. Programu ikitaka kuongeza mstari, Windows inakataa. Linux isingekataa, kwa hiyo ukijaribu kwenye laptopu yako ya Ubuntu hutalipata tatizo hili hata ukeshe.

Kumjua aliyeshika: kwenye Windows fungua Resource Monitor, kichupo cha CPU, sehemu ya Associated Handles, andika jina la faili. Kwenye Linux ni `lsof` ikifuatiwa na njia ya faili, au `fuser -v`. Ikiwa aliyeshika ni programu ya kuzuia virusi inayokagua faili lililozaliwa sasa hivi, subiri nusu sekunde ujaribu tena, mara chache, kisha ukate tamaa kwa ujumbe unaoeleweka. Ikiwa ni programu yako yenyewe, kuna mahali ulifungua bila kufunga, tumia `with`.

Kwa CSV za wafanyabiashara mimi niliacha kugombana. Data halisi inakaa kwenye SQLite, na ya kuangalia inatoka kama faili jipya lenye tarehe na saa kwenye jina. Waifungue wanavyotaka.

Na kwa kuwa umeme haukuagi unapokatika, faili la muhimu usiliandike juu ya lenyewe:

```python
muda = njia.with_suffix(".tmp")
with open(muda, "w", encoding="utf-8") as f:
    f.write(maudhui)
    f.flush()
    os.fsync(f.fileno())
os.replace(muda, njia)
```

Umeme ukikatika katikati, faili la zamani bado liko zima. Faili la mipangilio lenye baiti sifuri baada ya umeme kurudi ni alama ya mtu aliyeruka hatua hii.

Printa, mizani na folda za mtandao

Kwenye Linux kifaa nacho ni faili, na makosa ni yaleyale. Printa ya risiti ya USB inakuja kama `/dev/usb/lp0`, kundi `lp`. Mizani au kisomaji cha waya wa serial inakuja kama `/dev/ttyUSB0`, kundi `dialout` kwenye Ubuntu.

```
sudo usermod -aG dialout,lp duka
```

Ile `-a` usiisahau, la sivyo unamwondoa mtumiaji kwenye makundi yake mengine. Kisha atoke na kuingia upya. Makundi yanasomwa wakati wa kuingia, na hapa watu wanapoteza saa nzima wakidhani amri haikufanya kazi. Namba ya `ttyUSB0` nayo si ya kudumu: ukichomoa na kuchomeka mizani inaweza kuwa `ttyUSB1`. Tumia njia iliyo ndani ya `/dev/serial/by-id/`, hiyo inafuata kifaa chenyewe.

Windows, bandari kuanzia COM10 kwenda juu ziandike `\\.\COM10` ukiwa unazifungua moja kwa moja. Na bandari ya COM inafunguliwa na programu moja kwa wakati. Kama programu ya majaribio iliyokuja na mizani bado iko wazi, yako itakataliwa.

Folda za mtandao: herufi kama `Z:` ni mali ya mtu aliyeingia, si ya mashine. Huduma inayojiendesha nyuma haiioni, na hata programu uliyoiendesha kama msimamizi inaweza isiione. Andika `\\SEVA\Mauzo\ripoti.csv` kwa ukamilifu, na huduma iipe akaunti yenye haki kwenye kompyuta ile nyingine.

Simu na kivinjari

Hapa usitafute kosa lako, sheria zenyewe zilibadilika. Android 10 ilileta utaratibu wa kila programu kuwa na eneo lake, na kwa programu zinazolenga Android 11 kwenda mbele ile njia ya kuomba kubaki na utaratibu wa zamani haisikilizwi tena. Kuandika ovyo kwenye `/sdcard/Duka` kumekwisha. Hifadhi ndani ya folda ya programu, picha zipitishe MediaStore, na kwa faili za mtumiaji mfungulie kichagua faili achague mwenyewe. Programu yako ikimpa mtu faili kupitia WhatsApp, tumia FileProvider. Njia ya `file://` inaangusha programu tangu Android 7.

Kivinjari hakimruhusu mtu wa tovuti kusoma diski ya mgeni bila mgeni mwenyewe kuchagua. Ile `C:\fakepath\` unayoiona kwenye kisanduku cha kuchagua faili ni jina la kubuni makusudi, usilitumie. Chrome tangu toleo la 86 ina `showOpenFilePicker`, lakini inataka HTTPS au localhost, na mtumiaji abonyeze mwenyewe. Ukitaka tovuti ichape risiti bila kuuliza, weka programu ndogo kwenye kompyuta ya kaunta inayosikiliza localhost, na yote niliyoeleza juu yataihusu hiyo.

Ikishindikana, isikilize ikiomba

Kuna zana inayoonyesha kila ombi programu inalopeleka kwa mfumo. Windows ni Process Monitor ya Sysinternals: chuja kwa jina la programu yako, kisha tafuta `ACCESS DENIED`, `NAME NOT FOUND` na `SHARING VIOLATION`. Zitakuwa nyingi, nyingine za kawaida kabisa. Anza na ya mwisho kabla programu haijafa. Linux ni strace:

```
strace -f -e trace=openat,unlink,rename python3 ripoti.py
```

Mwanzoni mwa mwaka fulani programu ya stoo ilikufa tarehe mosi Januari, bila mtu kuigusa. strace ikatoa mstari wa namna hii:

```
openat(AT_FDCWD, "mauzo/2024/ripoti.csv", O_WRONLY|O_CREAT|O_TRUNC|O_CLOEXEC, 0666) = -1 ENOENT
```

`AT_FDCWD` inasema njia imeanzia pale programu iliposimama. `O_CREAT` inasema faili litengenezwe kama halipo. Lakini mfumo unatengeneza faili tu, hautengenezi folda, na folda ya 2024 ilikuwa bado haijazaliwa. Ile ya mwaka uliopita mtu aliitengeneza kwa mkono siku ya kwanza akasahau. Ndiyo sababu ya `mkdir` niliyoiweka kule juu.

Ukipata 28, angalia `df -h`. Ikionyesha nafasi ipo, angalia `df -i`, maana unaweza kumaliza idadi ya mafaili kabla ya kumaliza nafasi. Mamilioni ya faili ndogo za sesheni yanafanya hivyo. Na ukifuta kumbukumbu kubwa nafasi isirudi, kuna programu bado imelishika faili lililofutwa: `sudo lsof +L1` italitaja, na kuianzisha upya programu hiyo kutaachia nafasi.

Ukikwama na kuniuliza, tuma maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa na mwanga wa taa katikati. Nahitaji ujumbe wote wa kosa pamoja na namba, njia kamili ya faili kama `%r` ilivyoitoa, folda programu iliposimama, jina la mtumiaji anayeiendesha, matokeo ya `namei -l` kama ni Linux, na kama inagoma pia ukiiendesha kwa mkono au inagoma ikijiendesha tu.